Shaba inasubiri, mbolea haisubiri: yaliyowapata majirani zetu Zambia, 1965 hadi 1980



Kila mwaka ikikaribia Novemba, swali ninaloulizwa zaidi huku Nyanda za Juu Kusini ni moja: mbolea imefika? Majibu nayo tunayajua. Meli imechelewa, lori limeharibikia njiani, wakala hajaletewa, barabara ya kijijini haipitiki. Tunalaumiana wiki mbili, mvua inanyesha, watu wanapanda bila mbolea ya kupandia, basi tumeshapoteza sehemu ya mavuno.

Leo nataka tuache mwaka huu kidogo tuangalie historia. Kuna nchi nzima iliwahi kuuliza swali hilohilo, na mbolea yake ilikuwa imekwama hapahapa kwetu, bandari ya Dar es Salaam. Nchi hiyo ni Zambia. Njia iliyotengenezwa kuwaokoa, yaani reli ya TAZARA na barabara kuu ya Tunduma, inapita katikati ya mashamba yetu. Nadhani mambo yaliyowapata yana faida kwa mtu mwenye ekari mbili au duka la pembejeo kuliko hotuba nyingi za mipango.

Nchi yenye mlango mmoja

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Ilikuwa na shaba nyingi na haikuwa na bahari. Shaba kutoka Kitwe, Mufulira na Ndola ilipakiwa kwenye reli moja iliyoelekea kusini, ikavuka daraja la Victoria Falls, ikapita Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) hadi bandari ya Beira, Msumbiji. Mabehewa yaliyopeleka shaba ndiyo yaliyorudi na mashine, dizeli, nguo, sabuni na mbolea. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, hukohuko Rhodesia. Hata shirika lenyewe la reli lilikuwa mali ya nchi hizo mbili kwa pamoja.

Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, njia hiyo ilikuwa sahihi. Ilikuwepo tayari, ilifanya kazi, na nauli yake ilieleweka. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilipoulizwa kuhusu kujenga reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam, ilisema reli hiyo haitajilipa. Mimi sisemi hesabu ile ilikuwa ya kijinga. Ilihesabu nauli ya siku za kawaida. Haikuhesabu hasara ya siku njia itakapofungwa.

Siku hiyo haikuchelewa. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru ili Waafrika walio wengi wasipate kura. Uingereza ikaweka vikwazo, na mwezi uliofuata ikazuia mafuta yasiende Rhodesia. Smith naye akajibu kwa kukata mafuta yaliyokuwa yakipita kwake kwenda Zambia. Nchi ambayo haikuhusika na ugomvi ule ikabaki haina petroli.

Hapo kuna jambo la kwanza la kuzingatia. Zambia haikukosea chochote barabarani, wala reli haikuvunjika na daraja halikubomoka. Njia ilifungwa kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine. Wafanyabiashara wa mahindi wanaopeleka Kenya wanalijua hili. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa masharti mapya ya usajili na vyeti vya vipimo. Aliyekuwa na lori mpakani siku hizo alilipia maegesho, dereva na riba, hata kama mahindi yake yalikuwa safi kabisa.

Miaka ya mapipa

Zambia ilifanya nini mafuta yalipokatwa? Kwanza iligawa petroli kwa mgao. Kisha ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikaanza kubeba mafuta kwenye mapipa, nyingine zikipakia Dar es Salaam, nyingine Kongo. Kubeba mafuta kwa ndege ni gharama ya kutisha, maana ndege yenyewe inakunywa mafuta. Lakini ilikuwa njia ya kuvusha wiki za mwanzo tu. Haikukusudiwa iwe njia ya kudumu.

Wakati huohuo malori yakaingia barabarani kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Barabara hiyo leo ina lami na tunailalamikia kwa foleni za mizani. Wakati ule sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, yakipanda na kushuka mlima Kitonga ambao hata leo dereva mzoefu anauheshimu. Madereva wa wakati ule waliipa barabara ile jina la Kiingereza lenye maana ya njia ya Jehanamu, na hawakutania. Ajali zilikuwa nyingi na malori yaliteketea pamoja na shehena.

Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na washirika wa Kiitaliano, ziliunda kampuni ya malori ya Zambia-Tanzania Road Services na kuleta malori makubwa ya Fiat. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita zipatazo 1,700 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Barabara ikawekwa lami kipande kwa kipande. Kwa upande wa makaa ya mawe, Zambia ilichimba ya kwake Nkandabwe na baadaye Maamba. Hayakuwa mazuri kama ya Wankie, lakini yalikuwa yao.

Angalieni mpangilio wake, maana mimi ndiyo sehemu ninayoipenda. Hawakuweka matumaini yote kwenye dawa moja. Ndege zilikuwa za dharura na ghali, lakini zilianza mara moja. Malori yalikuwa ya wastani wa bei na yalichukua miezi kupangika. Bomba na lami zilikuwa za muda mrefu na nafuu zaidi kwa kila tani. Na kile kilichowezekana kupatikana nyumbani kilitafutwa nyumbani.

Mfanyabiashara wa kijijini anaweza kufikiri hivyohivyo. Bodaboda kubeba mfuko mmoja wa mbolea kutoka mjini ni ghali kwa kila kilo, na ukiifanya ndiyo njia yako ya kawaida utafilisika. Lakini ukiwa na mteja ambaye mahindi yake yanahitaji mbolea ya kukuzia kesho, na lori lako limekwama mtoni, bodaboda ndiyo ndege yako ya mapipa. Unaitumia kwa mzigo mdogo wa lazima, kwa siku chache, huku ukitafuta njia nyingine.

Mlango wafungwa kabisa

Pamoja na jitihada zote hizo, mizigo mingi ya Zambia iliendelea kupita kusini hadi mwaka 1973. Reli ya zamani ilikuwepo na mazoea yana nguvu. Tarehe 9 Januari 1973, Smith alifunga mpaka akidai Zambia inawahifadhi wapigania uhuru. Lakini aliacha shaba ipite, kwa sababu reli yake ilikuwa inapata fedha kwa kuibeba. Rais Kenneth Kaunda akakataa masharti hayo, akasema kama mpaka umefungwa basi na shaba haipiti. Mwanzoni mwa Februari Smith alibadili mawazo akatangaza mpaka uko wazi. Kaunda akakataa kurudi.

Ukisoma haya ukiwa na gazeti mkononi unaona ni siasa ya ujasiri, na ilikuwa ujasiri kweli. Ukisoma ukiwa na daftari la stoo, unaona nchi imejiondolea njia yake kubwa kwa siku moja, ikabaki na njia nyingi ndogondogo. Ilikuwa na barabara na reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea Dar es Salaam, na reli ya Benguela kupitia Kongo na Angola hadi bandari ya Lobito. Mizigo mingine ilipitia Malawi, na mingine ilitoka hadi Mombasa kwa barabara.

Kisha njia hizo nazo zikaanza kuziba moja baada ya nyingine. Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na njia ya Mombasa ikaishia hapo. Msumbiji nayo ilikuwa imefunga mpaka wake na Rhodesia tangu Machi 1976. Kwa hiyo nchi iliyoanza na mlango mmoja wa kusini, ikafungua milango minne au mitano, baada ya miaka michache ilijikuta tena inategemea mlango mmoja. Safari hii mlango huo ulikuwa sisi.

Reli mpya na foleni mpya

Reli ya TAZARA tunaiita ya Uhuru, na inastahili jina hilo. Makubaliano na China yalisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ulianza Oktoba 1970, reli ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973, ikakamilika 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Kipande kigumu kuliko vyote ni cha Mlimba hadi Makambako, pale reli inapotoka bonde la Kilombero na kupanda milima kwa madaraja na mahandaki. Anayetoka Njombe au Mufindi aliyewahi kupanda treni ile anajua ninachosema.

Watu wengi walidhani tatizo limekwisha. Halikwisha, lilihama.

Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia. Vichwa vya treni vilichoka kupandisha mizigo mizito mlimani. Mabehewa yaliyoingia Zambia yalikawia kurudi, na behewa linalokaa Kapiri Mposhi wiki tatu halibebi kitu Dar es Salaam. Bandarini nako, mizigo ya Zambia ilikutana na ya Tanzania yenyewe na ya majirani wengine, magati hayakutosha, wala winchi na maghala. Meli zilisubiri nje. Hata upana wa reli ulikuwa tatizo: TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kama reli za Zambia, na Reli ya Kati ina milimita 1,000. Behewa la Tabora haliwezi kuingia reli ya Mbeya. Kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hizo mbili kilifunguliwa Kidatu mwaka 1998, zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Ninasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Mzigo haupiti kwa uwezo wa sehemu pana ya njia, unapita kwa uwezo wa sehemu nyembamba. Unaweza kuwa na kilomita mia mbili za lami kutoka mjini, lakini kama kati ya lami na kijiji kuna kalavati moja linalozama mvua ikinyesha usiku, uwezo wa njia yako ni uwezo wa kalavati hilo. Kuwa na malori matatu ya kukodi badala ya moja hakutakusaidia chochote siku hiyo, yatapanga foleni ng'ambo ya mto. Kitakachokusaidia ni stoo upande wa huku wa mto.

Oktoba 1978

Sasa tufike kwenye mbolea yenyewe.

Mwaka 1978 msongamano wa Dar es Salaam na TAZARA ulikuwa mbaya. Shaba ilirundikana ikisubiri kutoka, na mizigo ya kuingia ilirundikana ikisubiri mabehewa. Shaba ikirundikana ni hasara: fedha haziingii, madeni hayalipwi. Lakini shaba ya Julai ikiuzwa Desemba bado ni shaba, haiozi wala haiharibiki kwa mvua.

Katikati ya mizigo iliyokwama kulikuwa na mbolea kwa ajili ya msimu wa mahindi. Zambia, kama sisi huku kusini, inapanda mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Mbolea iliyofika shambani Februari si mbolea ya kupandia tena. Haijaharibika kama kemikali, lakini imekosa kazi yake, na mkulima aliyekopa kuinunua deni lake liko palepale.

Tarehe 6 Oktoba 1978, Kaunda alitangaza kuifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, baada ya kuikataa kwa zaidi ya miaka mitano. Sababu kubwa aliyoitoa ilikuwa mbolea: ilibidi iingie kabla ya mvua. Marafiki zake wa Nchi za Mstari wa Mbele hawakufurahi, Tanzania tukiwemo, na wapo waliomwona amesalimu amri. Mimi simlaumu. Aliyebishana na majeshi na mabenki hakuweza kubishana na kalenda ya mahindi. Lakini tazama gharama aliyolipa: ilibidi aombe njia kwa adui yake, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Wakati kama huo huna nguvu ya kujadili bei wala masharti. Muuzaji akijua unapanda wiki ijayo, bei anapanga yeye.

Wiki chache baadaye majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Tanzania ikaingia vitani. Malori ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vifaa. Hakuna mpangaji wa usafirishaji aliyeandika hilo kwenye mpango wake wa mwaka.

Njia mbili zafungwa kwa wiki chache

Ungedhani kuanzia hapo Zambia ilikuwa salama, ina njia ya kaskazini na ya kusini. Mavuno ya 1979 yalikuwa mabaya, ukame ukichangia, na Zambia ikalazimika kununua mahindi kutoka Afrika Kusini yapite kwenye reli ya Rhodesia. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli ya TAZARA kwenye mto Chambeshi, pamoja na la barabara. Kaskazini pakakatika. Mwezi uliofuata, serikali ya huko ikazuia mahindi yanayopita kwenda Zambia, ili kuibana iache kuwasaidia wapigania uhuru. Kusini nako pakabanwa.

Yaani njia mbili zilizotegemewa ziliguswa ndani ya wiki chache, na zote na mkono mmoja. Njia mbadala inakulinda pale tu sababu inayofunga njia ya kwanza haiwezi kufunga na ya pili. Wakulima wa kusini mwa Tanzania waliona kitu kama hicho Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Sehemu kadhaa ziliharibika kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kukwepa shimo moja hakukusaidia. Njia ya lami iliyobaki kufika Lindi na Mtwara ni ya kuzunguka Songea na Masasi, mamia ya kilomita zaidi.

Vita vya Rhodesia vilimalizwa kwa makubaliano ya Lancaster House Desemba 1979, na Zimbabwe ikawa huru Aprili 1980. Mwezi huohuo nchi tisa, Tanzania na Zambia zikiwemo, ziliunda SADCC mjini Lusaka, na jambo la kwanza walilolipa kipaumbele lilikuwa usafirishaji. Baada ya miaka ile kumi na mitano, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. TAZARA yenyewe iliendelea kudhoofika kwa miaka mingi, na Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua.

Kwenye daftari la mkulima na la mwenye duka

Nilipoanza nimesema historia hii inamhusu mtu wa ekari mbili. Kazi ya kwanza ninayowaomba mfanye ni kutenganisha vitu vyenu kama shaba na mbolea. Ni vipi vinaweza kusubiri, na ni vipi vikisubiri vimekufa?

Nyanya za Ilula haziwezi kusubiri. Lori likilala Kitonga kwa sababu kuna semitrela imeziba barabara, kesho yake sokoni ni bei ya hasara. Maziwa hayasubiri hata saa kadhaa. Viazi vinasubiri kidogo. Mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri, maharage, ufuta na kahawa vinasubiri miezi. Kwenye manunuzi, mbegu na mbolea ya kupandia hazisubiri, na dawa ya viwavijeshi ukiipata wiki mbili baadaye unanyunyizia mabua. Bati, saruji, jembe na nguo za dukani vinasubiri. Watu wengi wanafanya kinyume: fedha ya Julai wananunulia vitu vinavyosubiri, wanaacha visivyosubiri vinunuliwe kwa haraka Novemba.

Ukishatenganisha, hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kupanda. Tuchukulie unapanda ekari 2 za mahindi tarehe 25 Novemba, na umeshauriwa mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP kwa ekari kupandia na mmoja wa Urea kukuzia. Mifuko miwili ya DAP inatakiwa iwe ndani mwako kabla ya katikati ya Novemba, barabara ikiwa bado kavu. Ili wakala awe nayo, inabidi ajue mahitaji yenu mwanzoni mwa Oktoba, siyo kwa maneno ya barabarani bali kwa orodha ya kikundi au AMCOS na fedha ya kishika nafasi. Fedha hiyo inatoka wapi Septemba? Inatoka kwenye mahindi uliyovuna Juni na Julai. Kwa hiyo mbolea ya Novemba kwa kweli inaamuliwa siku ya kuuza mahindi. Tenga magunia ya mbolea siku hiyohiyo kabla ya matumizi mengine, na usiyaite magunia ya akiba, yaite mbolea. Kwa wanaotumia mbolea ya ruzuku, taarifa zako kwenye daftari la wakulima la kijiji zihuishwe kiangazi. Namba ikikataa Novemba kwenye duka la wakala, utapoteza siku mbili tatu kwenda na kurudi ofisi ya kijiji wakati wenzako wanapanda.

Kwa wenye maduka ya pembejeo na wanunuzi wa mazao, swali la kuandika ni hili: mzigo ukiwa njiani ni wa nani? Wengi tunapatana bei kwa simu na hatupatani juu ya hilo. Ukinunua mahindi "bei ya shambani", lori likizama ni hasara yako. Ukinunua "bei ya kufika", ni hasara ya muuzaji, na bei yake lazima iwe juu kidogo. Zote ni sawa, mradi imeandikwa na kusainiwa kabla lori halijawashwa, pamoja na nani analipa siku za kusubiri mpakani au kwenye kivuko. Kwa mzigo mkubwa ulizia bima ya mzigo safarini. Bima ya gari haimaanishi mzigo wako umekatiwa bima, na maelezo ya dereva hayatoshi, omba kuona karatasi.

Kuwa na namba za wenye malori wawili ni vizuri. Lakini kumbukeni daraja la Chambeshi: kama wote wawili wanatumia daraja lilelile la magogo, una njia moja tu. Tembea hiyo barabara mwenyewe Septemba, andika mahali panapozama, kisha angalia nani ana chumba kikavu upande wa kijijini. Kikundi cha watu ishirini kikikodi chumba kimoja kwa miezi mitatu, gharama kwa kila mmoja ni ndogo sana ukilinganisha na ekari iliyopandwa bila mbolea.

Chumba chenyewe kiwe na paa lisilovuja. Panga mifuko juu ya vichanja vya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na usiweke mbegu au chakula chumba hichohicho. CAN ikae mbali na petroli, dizeli na moto. DAP iliyobaki ikiwa kavu na mfuko haujafunguliwa inafaa msimu ujao. Urea na CAN zinavuta unyevu haraka, kwa hiyo mfuko uliofunguliwa ufungwe vizuri kwenye nailoni. Na msizichanganye hizo mbili kwenye ndoo moja kwa kudhani mnaokoa muda, zitageuka uji kabla hamjamaliza mstari wa kwanza.